Kidege mwekundu wa mkia mrefu kajenga juu ya kisima, na Jumamosi fundi anakuja kukata tawi

mlangilangi_pete | Alhamisi 7 Novemba, saa 2:10 usiku

Assalaam alaykum wanajamvi. Najua hili ni jukwaa la ujenzi na mambo ya nyumba, lakini suala langu lina ndege na lina mabati, kwa hiyo nivumilieni.

Nyuma ya nyumba yangu hapa Pete kuna mlangilangi mkubwa umeinamia kisima. Jiko la nje tunaliezeka upya, makuti tumeyachoka, mabati yashafika na fundi anakuja Jumamosi. Tawi moja la huo mti linapita pale pale bati la mwisho litakapokaa, lazima litoke. Leo alasiri nikapanda na panga kuangalia nianzie wapi, nusura nikishike kitu nilichodhani ni nundu ya mti. Kumbe kiota. Mayai matatu ndani.

Kiota chenyewe kidogo, finjani ya kahawa hasa. Kimekaa kwenye panda ya vijitawi viwili vyembamba kama kalamu. Nje kimebandikwa vile viraka vya kijivu vinavyoota kwenye magome, ukitazama kwa haraka unaona mti tu. Na chote kimezungushiwa utando wa buibui. Hapo nikakumbuka kuwa wiki mbili nyuma nilimwona ndege akivuta utando kwenye pembe ya dirisha la choo, nikasema alhamdulillah, leo kafagia mwengine.

Sasa mwenyewe. Mgongo na mkia rangi ya mdalasini. Kichwa cheusi cha kuingia buluu, kina kishungi kidogo. Kuzunguka jicho ana duara la buluu utasema kapakwa. Na mkia: manyoya mawili ya katikati yamerefuka kuliko mwili wenyewe, akiruka yanamfuata nyuma kama mkia wa kishada. Yuko na mwenzake wa rangi ile ile lakini hana mkia huo.

Maswali yangu: ni ndege gani, na je, naweza kukata tawi kwa uangalifu nikalifunga kwenye tawi jengine na kiota chake?

Mla_Urojo | saa 2:26 usiku

Yakhe, kata tawi. Mti mmoja tu huo Unguja nzima? Atajenga kwengine.

mama_Sabra | saa 2:31 usiku

Mla Urojo weye ukivunjiwa nyumba na mayai yamo ndani utajenga kwengine? Picha tafadhali kaka.

mlangilangi_pete | saa 2:40 usiku

[picha 3]

Hizo hapo, nilipiga jioni. Ilibidi nivute majani pembeni niyafunge kwa uzi, la sivyo hakionekani kabisa. Ya tatu ndiyo nzuri, ndege kakaa na mkia unaning'inia nje.

fundi_bati | saa 3:05 usiku

Nimesoma nikasema mbona jiko hili nalijua. Huyo fundi ni mimi. Nusu nishapokea na Jumatatu nina kazi Paje. Nasubiri jawabu na mimi.

Mla_Urojo | saa 3:07 usiku

Hahahaaa. Uzi umenoga.

kishungi_cheusi | saa 3:52 usiku

Waalaykum salaam. Mimi natembeza wageni msituni Jozani, ndege ndiyo shughuli yangu, kwa hiyo nitakuwa mrefu kidogo.

Kwanza kabla ya lolote, kama uko nyumbani, chukua tochi nenda kafungue ule uzi. Sasa hivi. Majani yarudi yalivyokuwa. Nitakueleza kwa nini ukisharudi.

mlangilangi_pete | saa 4:03 usiku

Nimefungua. Ndege hakuondoka, kanitazama tu.

kishungi_cheusi | saa 4:30 usiku

Ahsante. Sababu ni kunguru. Yale majani ndiyo pazia lake. Juu kuna jani, pembeni kuna jani, kunguru akipita haoni kitu. Ukiyafunga kwa picha ya dakika mbili ukasahau uzi, asubuhi ushamwandalia chai. Mwaka mmoja kuna mpiga picha mmoja, simtaji, alikata vijitawi viwili tu mbele ya kiota cha ndege wa aina hii hii ili apate mwanga. Picha alipata. Kesho yake nilipopita kiota kilikuwa kimepinduliwa.

Huyu ni ndege mnasa-wadudu wa mkia mrefu. Wataalamu wanamwita Terpsiphone viridis. Mwenye utepe ni dume na asiye na utepe ni jike, si mtoto wake. Mwili wake na mkia wa kawaida ni kama sentimita 17 hivi, na huo utepe wa dume unaweza kuongeza sentimita 18 nyengine. Mkia haudumu mwaka mzima, anapobadilisha manyoya huanguka, kwa hiyo ukiona wawili wote wa mkia mfupi usikate shauri kuwa ni majike.

Picha yako ya tatu inaonesha kitu ambacho wageni wangu hawaamini mpaka waone: aliyelalia mayai ni dume. Wanapokezana. Wanajenga wote, wanalalia wote, wanalisha wote. Kiota ni kidogo mno, mkia hauna pa kuingia, ndiyo maana anauning'iniza nje kama uonavyo.

Kuhusu kuhamisha tawi: usijaribu. Kwake yeye kiota si kile kifinjani tu, ni lile tawi, ile njia anayoingilia na ule mwanga. Ukikisogeza hata upande wa pili wa mti, uwezekano mkubwa anakitelekeza.

Habari njema ni kwamba hawachelewi. Mayai huchukua siku 12 hadi 15 kuanguliwa. Makinda hukaa kiotani siku 11 hadi 16, halafu wanatoka. Hata kama mayai yametagwa jana, mwezi mmoja mambo yamekwisha.

fundi_bati | saa 4:41 usiku

Mwezi mmoja? Na mvua hizi za vuli?

mlangilangi_pete | Ijumaa 8 Novemba, saa 12:20 asubuhi

Nimemsomea bi mkubwa uzi wote baada ya sala. Kasema jiko limekaa na makuti miaka kumi na moja, mwezi hauna neno. Na kasema mwenye kugusa tawi atapika mwenyewe.

Fundi, nenda Paje kwanza ndugu yangu. Nusu yako ni yako.

fundi_bati | saa 12:48 asubuhi

Mama akishasema mimi sina la kuongeza. Lakini mabati yafunikeni, msiyaache chini kwenye chumvi ya kisima.

Tanga_Raha | saa 3:15 asubuhi

Wakuu heshima kwenu. Nawaona mnamshangaa sana, ila huyo ndege yuko Afrika karibu yote kusini mwa Sahara. Huku kwetu Amani, mkoani Tanga, anakaa hadi kwenye mibuni. Nilidhani mmegundua ndege wa Zanzibar peke yake.

mpemba_wa_wete | saa 3:40 asubuhi

Mkitaka ndege wa peke yake njooni Pemba. Tunao wanne wasiopatikana popote duniani isipokuwa kisiwani kwetu: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, na kale kadege ka manjano kenye pete nyeupe machoni. Ukenda msitu wa Ngezi jioni bundi unamsikia kabla hujamaliza kushuka kwenye gari. Waunguja hangaikeni na mkia wenu.

Mla_Urojo | saa 3:44 asubuhi

Nilijua tu Mpemba atafika.

kishungi_cheusi | saa 5:10 asubuhi

Tanga Raha yuko sahihi, huyu si adimu. Utamkuta Jozani, utamkuta Masingini, utamkuta kwenye miembe ya watu Kizimbani. Mimi hilo halinipunguzii kitu. Mgeni katoka Ulaya na orodha yake mkononi, anatafuta kimapunju, yule kima mwekundu wetu, na paa nunga, halafu huyu anakatiza njia mara moja na ule utepe, orodha inaanguka chini.

Ila na wewe Tanga Raha ngoja nikwambie. Ndege hawa wamegawanywa katika nususpishi nyingi, yaani vikundi vidogo ndani ya aina moja, kila sehemu na rangi yake kidogo. Huyu wa kwetu alipewa jina mwaka 1947: Terpsiphone viridis ungujaensis. Soma tena hilo neno la mwisho. Nyinyi wa mwambao wa bara mnaye huyo huyo, lakini jina analotembea nalo ni la Unguja.

Tanga_Raha | saa 5:22 asubuhi

Aisee. Hapo nimekaa.

mpemba_wa_wete | saa 5:25 asubuhi

Jina si nyumba.

binti_maweni | saa 8:02 mchana

Samahani naingilia. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, niko upande wa Makunduchi. Watoto wangu wanamwita tu "kidege mkia". Je, yule mweusi mwenye tumbo jeupe na kishungi kikubwa, naye ni jamaa yake? Nilimwona Jozani tulipopeleka watoto, kwenye miti mikubwa kabla ya kufika mikokoni. Alikuwa akifungua mkia kama upepeo.

kishungi_cheusi | saa 8:45 mchana

Mwalimu, hapo umenigusa, mbona jina langu la humu nimelichukua kwake! Huyo ni Trochocercus cyanomelas. Dume kichwa na kifua cheusi cha kung'ara buluu, tumbo jeupe, baka jeupe kwenye bawa, na kishungi akikisimamisha unamjua tu. Hana utepe. Ni familia moja na kidege mkia, lakini huyo wa kishungi ni mtu wa msituni kwelikweli, uani kwa watu humwoni. Anataka kivuli, anataka mitambaazi, anataka pale mitondoo inaposimama kwenye maji wakati wa masika.

Na kuna wa tatu wa kuwachanganya watu. Wakati wa kaskazi anakuja kidege wa kijivu cha vumbi, kifua kina mistari hafifu, anakaa wima kwenye waya au kijiti kikavu, anaruka kumdaka nzi na kurudi pale pale. Huyo ametoka Ulaya, anakimbia baridi, ifikapo Aprili keshaondoka. Anawinda kwa mtindo ule ule, lakini kwa nasaba hawana uhusiano wa karibu. Yule wa kijivu ukoo wake uko upande wa kurumbiza na wenzake. Huyu wetu wa mkia mrefu, sikilizeni vizuri, nasaba yake imekaa upande wa mbwigu na KUNGURU.

mama_Sabra | saa 8:51 mchana

Kunguru?!

kishungi_cheusi | saa 8:59 mchana

Kunguru. Si kaka na dada, lakini ukiupanga ukoo wa ndege, wametoka ubavu mmoja. Anayemvunjia kiota ni jamaa yake.

Mla_Urojo | saa 9:00 alasiri

Kama kawaida ya jamaa.

babu_kikwajuni | saa 10:30 jioni

Na huyo kunguru mwenyewe si mwenyeji. Huyu mwenye shingo ya kijivu aliletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, enzi za Waingereza, eti asafishe taka za mji. Akasafisha taka, kisha akaanza kusafisha mayai. Mie nilipokuwa mdogo wazee walikuwa wakisema zamani asubuhi mjini ilikuwa na sauti nyingi za ndege, sisi tukikua tumemkuta yeye peke yake anasoma hotuba. Kuna wakati serikali iliwapunguza sana, tukapumua. Wamerudi.

ngalawa_mbili | saa 11:15 jioni

Mnajadili uzuri tu. Faida yake nini? Anakula mbu? Maana kama anakula mbu nitaomba kiota na mimi, malaria ipungue.

kishungi_cheusi | saa 1:20 usiku

Nisikudanganye ndugu. Mbu akipita mbele yake atamla. Lakini mbu wa malaria anatoka usiku, na saa hizo huyu kalala, kwa hiyo chandarua chako usikitoe. Anachokula mchana ni nzi, vipepeo, nondo, panzi wadogo, kumbikumbi, na buibui pia. Mdomo wake ukiuona kwa karibu ni mpana na bapa, si mwembamba kama wa chozi, na pembeni mwa mdomo ana vinywele vigumu kama sharubu. Akiufungua angani ni kama mtu aliyetandika kanga chini ya mwembe.

nahodha_mstaafu | saa 3:34 usiku

Nimesoma yote taratibu, na miwani. Nina la kuchangia kutoka baharini.

Nimefanya kazi melini, nikakaa Shelisheli kiasi. Kule wana ndugu ya huyu, lakini dume lake ni jeusi tititi, kuanzia kichwa mpaka ncha ya mkia, na mkia ni mrefu vivyo hivyo. Kwa Krioli yao wanamwita "vev", maana yake mjane, kwa sababu ya ile nguo nyeusi. Mie nikawa nawaambia, kwetu sisi huyu tungesema kavaa buibui. Na kituko ni kwamba aliyevaa buibui ni mume. Jike lake ni la rangi ya mdalasini mgongoni na jeupe tumboni, kichwa tu ndicho cheusi.

Sasa hao walikaribia kwisha. Karibu wote walibaki kisiwa kimoja, La Digue, ambacho ni kidogo, kama kilomita za mraba 10 tu, ukiwa na baiskeli unakimaliza kabla ya adhuhuri. Miti wanayoitegemea ni mtondoo na mkungu. Hebu fikirini, mtondoo na mkungu, miti ile ile ya pwani yetu! Watu wakaikata kujenga nyumba na hoteli, kisha mitondoo ikaingiwa na ugonjwa wa kunyauka, wakabaki wameshika kichwa. Mwaka 2008 wakachukua ndege 23 wakawavusha hadi kisiwa cha Denis, kuanzisha kundi jengine ili mayai yasiwe kwenye kapu moja. Wakazaliana.

Mabaharia tulikuwa tukicheka, ndege kapandishwa chombo kwenda kuoa. Siku hizi sicheki.

binti_maweni | saa 3:50 usiku

Babu, hii ya mjane aliyevaa buibui nitaisimulia darasani Jumatatu. Ahsante sana.

mlangilangi_pete | Jumapili 10 Novemba, saa 12:55 jioni

Taarifa fupi. Mvua kubwa jana usiku, nikalala roho juu. Asubuhi kiota kipo, kimelowa nje lakini jike kakaa juu yake kama kifuniko, mbawa kazibana.

Jioni hii baada ya mvua kumbikumbi wametoka kwenye ufa wa sakafu ya kisima. Nimekaa kwenye ndoo nimegeuza chini juu, nikawatazama. Dume kakaa kwenye kijiti cha chini, hatulii, kichwa huku na huku. Anajirusha, unasikia "tak!" ya mdomo kufunga, kisha anazunguka na ule utepe unachora duara angani, anarudi. Mbawa za kumbikumbi zikidondoka kwenye maji ya kisima. Nimehesabu mara kumi na tisa halafu bi mkubwa akaniita.

Ana sauti mbili. Moja ya kukwaruza, kama mtu anavuta kiti kwenye saruji, hiyo anaitoa nikisogea. Nyengine tamu, ya mluzi wa haraka haraka, hiyo anaitoa asubuhi akiwa mbali na kiota.

mama_Sabra | saa 1:10 usiku

Mie nafungua uzi huu kabla ya habari za saa mbili.

mlangilangi_pete | Jumamosi 16 Novemba, saa 1:30 asubuhi

Mawili yameanguliwa! Nimejua kwa sababu dume alikuja na kitu mdomoni na hakukaa, aliinama tu akaondoka. Nikasogea na kioo cha kunyolea nilichokifunga kwenye kijiti kirefu, kwa juu, bila kugusa jani (Kishungi usinigombeze, sekunde tano tu). Viwili vya waridi, uchi, macho yamefumba, vichwa vikubwa kuliko shingo. Yai la tatu bado lipo.

kishungi_cheusi | saa 2:15 asubuhi

Sekunde tano mara moja, haya. Mara ya pili nitakuja Pete mwenyewe.

fundi_bati | saa 2:40 asubuhi

Hongereni. Nimemaliza Paje. Niko tayari muda wowote, nasema tu.

mlangilangi_pete | Jumatano 20 Novemba, saa 4:12 asubuhi

Wanajamvi, leo nimetetemeka.

Nilikuwa nachota maji. Kunguru mmoja akatua juu ya ukuta wa jiko, kama hatua nne kutoka kiotani. Akainamisha kichwa upande mmoja, mnajua ile namna yake ya kukagua. Nikataka kurusha ndoo. Kabla sijainua mkono, dume likatoka sijui wapi, likampita mgongoni karibu kumgusa, likazunguka, likampita tena. Jike likaingia kwa upande wa pili. Kidege kisichotosha kiganja kinamfukuza jitu mara nyingi zaidi ya yeye! Kunguru akainamisha kichwa kila wakipita, hakuondoka. Mwisho bi mkubwa akatoka jikoni na mwiko, akapiga sufuria. Hapo kaondoka.

Lakini nilichokiona ni hiki: muda wote ule kunguru alikuwa akiwatazama WAO. Majani yalifunika, kiota hakukiona. Nikaukumbuka ule uzi niliofunga siku ya kwanza, mgongo ukaniingia baridi. Bado upo mfukoni mwa koti langu la mvua.

nahodha_mstaafu | saa 4:50 asubuhi

Bi mkubwa apewe cheo.

babu_kikwajuni | saa 5:05 asubuhi

Na taka za jiko mwanangu unatupa wapi? Kunguru hakuja kutafuta kiota, kafuata vichwa vya dagaa. Zika taka zako, kunguru hatakuwa na safari ya uani kwako.

mlangilangi_pete | saa 5:20 asubuhi

Umenikamata babu. Tunatupa pale pale nyuma ya kisima. Leo nachimba shimo.

ngalawa_mbili | saa 7:33 mchana

Mimi nilikuwa mtu wa manati utotoni. Hawa wa mkia tuliwapiga ili kuchukua yale manyoya mawili, tunachomeka kwenye kofia. Nyama yenyewe hakuna kitu, ukimchuna anabaki kama kidole. Sijui kwa nini naandika hapa, basi tu nimesoma habari ya kumfukuza kunguru nikakumbuka.

mama_Sabra | saa 7:40 mchana

Wengi tulikuwa na kaka wa namna hiyo nyumbani. Wa kwetu alitega kwa ulimbo.

mlangilangi_pete | Jumatatu 25 Novemba, saa 12:40 jioni

Yai la tatu halikuanguliwa, siku hizi silioni tena. Hao wawili wamejaa kiota mpaka pomoni, wameota manyoya ya mdalasini mgongoni, midomo ya manjano ndani. Nimekaa kwa mbali saa nzima na miwani ya mbali niliyoazima. Mama na baba wanapishana tu, kila baada ya dakika chache mmoja anatua. Kipepeo mweupe, nzi, nzi, kitu kirefu cha kijani, nondo. Akimaliza kulisha anasubiri kidogo, kinda linanyanyua mkia mfupi, linatoa uchafu umejifunga kama kijipira cheupe, mzazi anauchukua kwa mdomo na kwenda kuutupa mbali. Chini ya kiota hakuna hata tone. Kumbe na hilo nalo ni kumficha kunguru.

Nimemwonesha mwanangu wa miaka minane. Kauliza: "Baba, kwa nini wewe hukuwahi kunibadilisha nepi?" Sikujibu.

Mla_Urojo | saa 12:52 jioni

Nimecheka peke yangu Forodhani, muuza mishikaki ananitazama. Haya nakubali, tawi lisikatwe.

mlangilangi_pete | Ijumaa 29 Novemba, saa 3:10 asubuhi

Wametoka.

Wa kwanza alfajiri, sikumwona. Wa pili nimemshuhudia baada ya chai. Alipanda ukingoni mwa kiota, akakaa pale robo saa akipiga mbawa bila kuondoka, mama yake kakaa tawi la pili na kitu mdomoni hampi. Mwishowe akajirusha, akaangukia kwenye mdimu, akashika kijiti kichwa chini miguu juu, akajiweka sawa. Mkia wake hauna hata urefu wa kidole gumba. Mama akaenda akampa.

Sasa hivi wote wanne wako kwenye mfenesi wa jirani, nawasikia. Kiota kitupu. Nimekigusa kwa mara ya kwanza leo: chepesi kama si kitu, ndani kumetandikwa vizizi vyembamba kama nywele. Utando wa buibui bado unanata.

kishungi_cheusi | saa 3:45 asubuhi

Siku 13 kiotani, mahesabu yamekaa sawa kabisa. Wazazi wataendelea kuwalisha siku kadhaa, kwa hiyo wiki hii paka awe ndani.

binti_maweni | saa 4:02 asubuhi

Darasa langu limepiga makofi. Kweli, nimewasomea.

fundi_bati | saa 4:15 asubuhi

Alhamdulillah. Basi kesho Jumamosi nije?

mlangilangi_pete | saa 4:31 asubuhi

Njoo fundi. Ila kuna badiliko dogo. Bi mkubwa kapima mwenyewe kwa kamba, kasema bati la mwisho likikatwa shubiri moja na nusu upande wa kisima, tawi linapita bila kuguswa. Uje na mkasi wa bati.

fundi_bati | saa 4:33 asubuhi

Mwezi mzima nimesubiri, kumbe shubiri moja na nusu.

mlangilangi_pete | saa 4:36 asubuhi

Chai na mikate ya mofa ipo.